Vitabu huria kwa lugha zetu za nyumbani: yaliyotukuta Tanga na Lushoto (uzi mrefu)

#1 – mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome akitulia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mjini, kwetu ni Lushoto, upande wa Soni. Jumamosi na siku za likizo, mimi na wenzangu watatu tunatengeneza vitabu vidogo vya hadithi kwa Kisambaa, kurasa 16 kila kimoja. Humu ndani watu wameuliza mara nyingi kwa nini lugha zetu za nyumbani hazina vitabu, na majibu huwa yale yale: serikali haijatenga fungu, au mfadhili hajaja. Mimi naleta jibu jingine. Limo kwenye ile mistari midogo ya ukurasa wa pili wa kitabu, ambayo karibu sote tunairuka tukakimbilia hadithi.

Nilipokuwa mgeni kazini ulikuja mradi mmoja vijijini kwetu. Walitaka ngano za wazee. Tukazunguka nao milimani, tukakaa barazani na vibibi na vibabu, tukaandika kwa mkono kwenye madaftari. Tulipata ngano 22. Kikatoka kitabu kizuri, karatasi nzito, picha za rangi, kila shule ikagawiwa nakala chache. Baada ya muda mradi ukafungwa na tovuti yao ikazimika. Nakala za shule zikachanika, nyingine zikaliwa na mchwa. Tukachukua iliyobaki tukaenda nayo steshenari tuitoe kopi. Mwenye duka akafungua ule ukurasa wa pili, akageuza kitabu kuelekea kwetu, akaweka kidole: haki zote zimehifadhiwa, hairuhusiwi kunakili sehemu yoyote ya kitabu hiki. Alikuwa mtu mwaminifu, akakataa. Tuliandika barua tatu kuomba ruhusa, hazikujibiwa hata moja. Ngano za bibi zetu, zilizoandikwa kwa mikono yetu, hatukuwa na ruhusa ya kuzirudisha kwa wajukuu zao.

Nikaanza kusoma mambo ya hakimiliki usiku kwa usiku. Niliyoyapata nawaletea kama nilivyoyaelewa.

Kuna kitu cha bure na kuna kitu huria. Cha bure hulipii, lakini mwenyewe anaweza kukiondoa kesho, na wewe huna ruhusa ya kukigusa. Huria ni kile ambacho mwenyewe ametamka kwa maandishi kwamba unaweza kukitunza, kukitumia, kukibadilisha, kukichanganya na kingine na kukisambaza. Mambo hayo matano ndiyo wataalamu wanayoyatumia kupima kama nyenzo ya elimu ni huria kweli. UNESCO walilizungumza jambo hili katika mkutano wao wa mwaka 2002, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo zikatoka leseni za kwanza za Creative Commons, yaani ruhusa zilizoandikwa tayari ambazo mwenye kazi anazibandika kwenye kazi yake. Novemba 2019 Mkutano Mkuu wa UNESCO uliokaa Paris ukapitisha pendekezo rasmi kuhusu nyenzo huria za elimu, kwa nchi zote wanachama.

Sasa kwa nini nasema hili linazihusu lugha ndogo kuliko kubwa? Kwa sababu ya hesabu ya mchapishaji. Kitabu cha Kiswahili cha darasa la kwanza soko lake ni nchi nzima. Kitabu cha Kibondei soko lake ni Muheza na vijiji vya jirani. Mchapishaji wa biashara hawezi kumlipa mwandishi, mhariri na mchoraji akarudisha hela yake pale. Na kati ya hao watatu, anayetushinda sisi walimu ni mchoraji. Hadithi tunazo, wahariri ni wazee wetu, lakini picha 14 za kitabu kimoja ni fedha ambayo hatuna. Lugha ndogo inakwama kwenye picha.

Hapo ndipo nilipokutana na African Storybook. Ni mpango ulioanzishwa Afrika Kusini na shirika la Saide mwaka 2013. Hadithi zao fupi za picha zina leseni ya Creative Commons, na tovuti inakuruhusu kuchukua kitabu kizima, ukafuta maneno ya chini na kuandika ya lugha yako, picha zikabaki pale pale. Wahindi nao wana StoryWeaver ya Pratham Books, tangu 2015, na leo ina lugha zaidi ya 300. Mtu amechora mbuzi akiwa Nairobi au Bangalore, na mbuzi huyo leo anasomwa Soni kwa Kisambaa, bila mtu kumvunjia mwenzake haki.

Tulikaa watu wanne sebuleni, simu mbili na kompyuta moja ya mkononi, tukachukua hadithi fupi ya mtoto anayechunga mbuzi. Tulidhani ni kazi ya saa moja. Ilichukua siku mbili! Sentensi ya kwanza tu ilisema mtoto alikwenda kuchota maji. Kisambaa ni *mazi*, hapo hakuna ubishi. Ubishi ulikuja kwenye jina la lugha yenyewe. Juu ya jalada tuandike Kisambaa, Kishambaa au Kishambala? Kila mmoja alikuwa na sababu yake na kila mmoja alimleta babu yake kuwa shahidi. Ni lugha ambayo sarufi yake ilichapwa Hamburg mwaka 1911 na Karl Roehl, na msamiati wake uliotungwa na Dkt. Ruth Besha ulichapwa Tokyo mwaka 1993, lakini mtoto wa Soni hajawahi kuiona imeandikwa ubaoni. Tusingebishana hivyo kama tungekuwa tunaisoma kila siku.

Tukatoa kopi steshenari ya Ngamiani. Kurasa 16 za nusu karatasi ni karatasi nne za A4 zilizochapwa pande zote mbili, yaani pande nane. Kwa shilingi 100 kila upande ni shilingi 800 kitabu kimoja. Nakala 30 zikatutoka kwa shilingi 24,000, pini za kubania tulikuwa nazo. Safari hii mwenye duka aliposoma ukurasa wa pili hakurudisha mkono. Tuliandika hivi, na anayetaka achukue kama yalivyo:

*Kitabu hiki kimetolewa kwa leseni ya Creative Commons BY 4.0. Unaruhusiwa kukinakili, kukitafsiri, kukibadilisha na kukisambaza, hata kwa kukiuza, ilimradi uwataje waliokiandaa na ueleze ulichobadilisha.*

Wadau wa Mkinga, Muheza, Handeni, Pangani na ndugu zetu wa Bagamoyo, nataka kusikia kwenu kukoje.

#2 – mzazi wa Chumbageni

Mwalimu, kwanza hongera, kazi si ndogo. Lakini niseme la moyoni. Mwanangu yuko darasa la tatu. Ninachotaka kwake ni Kiswahili safi na Kiingereza kitakachomvusha sekondari. Hiki Kisambaa atakisikia kwa bibi yake akienda likizo. Nguvu hizi na akili hizi mngezielekeza kwenye vitabu vya sayansi kwa Kiswahili, nchi nzima ingefaidi. Na serikali si imeshasema shuleni ni Kiswahili?

#3 – mleta uzi

Ndugu mzazi, nashukuru umeuliza waziwazi, maana wengi wanalifikiria hilo wakanyamaza.

Darasani nafundisha kwa Kiswahili kama mtaala unavyotaka na sina ugomvi nao. Vitabu hivi ni vya baraza la nyumbani na kabati la maktaba ya mtaa. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inaziita lugha za jamii hazina, na inahimiza watu binafsi na mashirika waziandike, wazitafiti na kuzitafsiri. Kwa hiyo sijatoka nje ya mstari.

La pili nimelishuhudia kwa macho. Mtoto anayetoka vijiji vya juu kabisa, Mtae au Mlalo, anafika darasa la kwanza Kiswahili chake kikiwa cha dukani na msikitini. Unampa herufi mpya na lugha ambayo hajaizoea kwa wakati mmoja. Anakariri ukurasa mzima, ukiuliza kilichotokea kwenye hadithi anakutazama. Mtoto yule yule mpe sentensi moja ya lugha ya mama yake, utaona anasoma, anasimama, anacheka, amejua maana. Akishaonja kwamba maandishi yanasema kitu, kusoma kwa Kiswahili kunakuwa kwepesi, kwa sababu herufi ni zile zile. Hajaanza upya.

Kuhusu sayansi kwa Kiswahili nipo nawe kabisa, na ugonjwa ni ule ule. Kiswahili kina wasemaji kwa mamilioni na kina siku yake ya dunia, tarehe 7 Julai, lakini rafu ya fizikia ya kidato cha tatu kwa Kiswahili iko karibu tupu, kwa sababu sekondari inafundishwa kwa Kiingereza na mchapishaji haoni mnunuzi. Maneno hayakosekani. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka tangu 1990. Kinachokosekana ni mtu kuandika somo moja moja na kuliachia huria ili mwalimu mwingine alirekebishe. Kwa vitabu vyetu vya kiada tunashukuru Taasisi ya Elimu imeviweka mtandaoni tukavisoma bure, ila kile ni cha kusoma. Hakimiliki ni ya Taasisi na huwezi kukichukua ukakigeuza.

Na usidhani ni shida ya Afrika peke yake. Kati ya 2014 na 2016 Umoja wa Ulaya uligharimia mradi ulioitwa LangOER, ukiangalia namna lugha zisizo na watumiaji wengi zinavyopata nyenzo huria. Humo kulikuwa na Kilatvia, Kilithuania, Kigiriki, na Kifrisia cha kaskazini mwa Uholanzi. Kilatvia ni lugha ya taifa, ina wizara, ina vyuo vikuu, na bado ilibidi watu wakae waulize kwa nini karibu kila kizuri cha mtandaoni kimeandikwa kwa Kiingereza.

#4 – binti wa Mkinga

Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mdigo wa Mkinga, na sisi shida yetu imekaa vingine. Wadigo tumegawanywa na mpaka wa Horohoro. Upande wa Kenya wana kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili tangu 2004 na wana namna yao ya kuandika. Wao maji ni *madzi*, tano ni *tsano*, na ile sauti laini ya mdomo wanaiandika *ph*. Huku kwetu mtu akiandika Kidigo kwenye simu anaandika kwa masikio ya Kiswahili, kila mmoja na lake. Je, nichukue vyao vya Kenya nivigawe huku? Na nifuate maandishi yao?

#5 – mleta uzi

Marahaba binti yangu. Kuvichukua kunategemea ukurasa wa pili. Tafuta maneno Creative Commons, kisha angalia herufi zinazofuata, maana ndizo zenye siri.

BY peke yake: chukua, geuza, chapa, ila wataje.

SA maana yake utakachokitoa wewe nacho kibebe leseni ile ile. Makala za Wikipedia ya Kiswahili ziko hivyo. Siogopi hiyo, inazuia mtu kuchukua kazi ya wengi akaifungia ndani.

NC ni bila biashara. Inasikika nzuri, na mimi mwanzoni niliipenda kwa kuogopa wachuuzi. Kisha nikafikiria yule mwenye steshenari wa Ngamiani. Akichapa nakala 10 akaziweka dukani azitoe kwa shilingi 1,000, hiyo ni biashara au ni huduma? Hata wanasheria wanavutana. Kijijini kitabu kinasafiri kwa mikono ya watu wanaotafuta riziki. Kwa lugha yenye wasomaji wachache, naomba mchuuzi apate hiyo mia mbili yake ili kitabu kifike Mtae.

ND ndiyo ya kuikimbia. Unaruhusiwa kukisambaza kama kilivyo, na kutafsiri kunahesabiwa ni kubadilisha. Kitabu chenye ND ukikitafsiri kwa Kidigo huruhusiwi kukigawa. Nimeona vitabu vizuri vya afya ya watoto vina ND. Walioviandika walitaka ujumbe usipotoshwe, wakamfungia mlango mama wa Duga asiusikie kwa lugha yake.

Kuhusu maandishi, ushauri wangu ni ufuate ya wenzako wa Kenya hata pale yanapokusumbua. Wakiandika kitabu Kwale kikasomeka Mkinga, nanyi mkaandika kikasomeka Kwale, wasomaji wenu wameongezeka bila kuongeza shilingi. Sisi Wasambaa hatuna bahati hiyo ya jirani aliyetangulia.

#6 – fundi wa Makorora

Mimi ni mtu wa kompyuta, lugha yangu Kiswahili tu, lakini nina la kuchangia. Vijijini bando ndiyo inayoua. Mwalimu hawezi kufungua tovuti yenye picha mbele ya watoto 60.

Kuna programu inaitwa Kolibri ya Learning Equality. Ni huria, ina sura ya Kiswahili, na imetengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Unapakua masomo mara moja mjini, unaiweka kwenye kompyuta kuukuu au kile kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi, unawasha, kinatoa Wi-Fi yake chenyewe. Simu na tableti zilizo karibu zinasoma bila bando hata chembe. Kwa Wikipedia kuna Kiwix, unabeba Wikipedia nzima ya Kiswahili kwenye memori kadi.

Mwalimu, hivyo vitabu vyako ukiwa na PDF zake naweza kuvitia humo humo. Kinachotakiwa ni umeme, na sola ndogo inatosha.

#7 – mleta uzi

Fundi, Mungu akuzidishie. PDF ninazo zote. Nitakufuata Makorora Jumamosi baada ya adhuhuri.

#8 – mdau wa Bagamoyo

Nawasalimu kutoka Bagamoyo. Huku watu wakisikia Bagamoyo wanafikiria magofu ya Kaole na chuo cha sanaa, hawajui kuna Wakwere, Wazaramo, Wadoe. Babu yangu ni Mdoe. Wanaokizungumza Kidoe sawasawa nyumbani kwetu wamebaki wazee, sisi tunajibu kwa Kiswahili. Kitabu hakipo, maandishi hayapo, na mimi si mwalimu. Nianzie wapi? Nina simu tu. Halafu nina wasiwasi: nikimrekodi babu nikaweka mtandaoni huria, si nimeuza urithi wa ukoo?

#9 – mleta uzi

Mdau, umegusa penyewe. Hapa niruhusuni niende polepole.

Anza na sauti. Maandishi yatakuja nyuma, hata baada ya miaka mitano. Simu yako inatosha, zima feni, ondoka karibu na barabara, anza rekodi kwa kutaja tarehe, mahali na lugha. Hifadhi mara mbili, kwenye simu na mahali pengine, maana simu huanguka baharini.

Wasiwasi wako nami niliupata, na aliyenifundisha ni bibi mmoja wa kijijini kwetu. Tulikwenda kumwomba ngano moja. Baada ya yale ya mradi, safari hii nilitaka ruhusa ieleweke kabla ya kalamu kushuka. Nikamweleza leseni kwa Kisambaa. Nusu saa nzima natafuta maneno, mwishowe nikasema: bibi, ni sawa na mbegu, ukishampa jirani huwezi kumwambia aipande wapi, ila atasema imetoka kwako.

Alikuwa anapukuchua mahindi, hakuacha. Akauliza: na mtu wa mbali akikiuza, mimi napata nini? Nikamwambia ukweli, fedha hupati, utapata jina lako kwenye jalada. Akapukuchua gunzi zima kimya. Kisha akasema jina nililoliandika silo, hilo ni la kwenye kitambulisho. Akataja la kwao, analoitwa na dada zake. Ndilo lililochapwa.

Akaanza ngano. Ngano zetu zina wimbo katikati, msikilizaji anaitikia, bila wimbo hadithi haitembei. Akaimba wa kwanza, akaimba wa pili, wa tatu akaushika njiani akasimama. Akasema zima simu. Wimbo ule ni wa mwali, unafundishwa ndani, hautoki nje. Hadithi chukueni, ni ya watoto. Huu hapana.

Tukaufuta mbele yake, akaangalia mpaka ukapotea kwenye kioo. Kwenye kitabu, ukurasa wa 11 una picha ya ngoma na chini yake hakuna neno. Watoto wakifika hapo wanapiga makofi, kisha wanafungua ukurasa unaofuata.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: huria ni zawadi, na zawadi anaitoa mwenyewe. Muulize babu kila kipande, na akisema hapana iwe hapana hata kama ni kizuri kuliko vyote. Leseni ya Creative Commons ukishaitoa hairudishwi kwa aliyekwisha kuchukua, hilo mwambie kabla. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, nayo ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, kwa hiyo si kweli kwamba ngano za wazee ni mali isiyo na mwenyewe.

Na uwe makini zaidi na sauti yenyewe kuliko maandishi. Ipo kazi kama Common Voice ya Mozilla, ambayo imekusanya sauti za Kiswahili ili kompyuta zifundishwe kutusikia. Naiunga mkono. Lakini sauti zile zinatolewa kwa CC0, maana yake umeachia kila kitu, hata kutajwa. Kijana anayejua anachokifanya akasome sentensi zake pale, ni jambo jema. Sauti ya babu anayedhani anamsimulia mjukuu wake ni amana nyingine.

#10 – mhariri mstaafu

Nimefanya kazi ya kuhariri vitabu miaka mingi, nimesoma uzi wote. Nauliza moja tu: nani anakagua? Kila mtu akiruhusiwa kupandisha na kugeuza, watoto watasoma makosa.

#11 – mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. Hofu hiyo ni ya haki. African Storybook wanaweka alama kwenye hadithi walizozipitia wao, na zilizopandishwa na watu zinabaki bila alama hiyo, ukichagua unajua unachagua nini. Wamepanga pia kwa ngazi, kuanzia maneno ya mwanzo hadi za kusomewa kwa sauti.

Kwa upande wetu, tunamsomea kitabu mzee kwa sauti kabla hakijachapwa. Hatumpi karatasi, wengine macho yamechoka na wengine hawakusoma. Anasikiliza. Akikunja uso tunaweka alama. Bado makosa yanapita, sitakuficha. Kama ungekubali kutushika mkono kwenye mambo ya nukta na aya, tungefurahi sana.

#12 – mhariri mstaafu

Marahaba. Nitumie kimoja nikione.

#13 – mleta uzi

Wakuu, narudi baada ya wiki tatu, nina mapya.

Fundi alinipokea Makorora. Vitabu vyote sita vimo kwenye kile kisanduku chake, tumekijaribu kwenye maktaba ya mtaa, simu 11 zimefungua kwa wakati mmoja. Simu ya 12 ilisumbua, anaifanyia kazi.

La pili ndilo lililonirudisha humu. Nilipanda Soni, nikampelekea bibi nakala zake tano. Mjukuu wake wa darasa la pili akakaa kwenye kigoda akamsomea. Bibi kafumba macho. Mtoto akafika ukurasa wa 6, pale mwindaji anapoitwa na wanakijiji, akasoma *mgosi*, yaani mwanamume. Bibi akafumbua macho akasema: *mghoshi*. Mtoto akaangalia karatasi, akasema bibi hapa imeandikwa mgosi. Bibi akasema basi aliyeandika amesikia wagosi wa redioni, hapa kwetu ni mghoshi, sema tena.

Kosa ni langu mimi. Tumelisikia neno hilo nchi nzima kwa namna ile mpaka mkono umelizoea, nami niliandika bila kufikiri.

Usiku ule ule, pale pale kwake, nilifungua faili, nikabadilisha herufi zenyewe mahali pote palipotajwa, nikaandika toleo la pili na tarehe. Asubuhi nikashuka nalo Lushoto mjini kuchapa. Kile kitabu cha ngano 22 kilikuwa na makosa mengi kuliko hili. Hatukuweza kugusa hata nukta.

Toleo la pili liko wazi, anayetaka aniandikie inboksi.

#14 – mgosi wa Muheza

Mwalimu, nimefuatilia kimya tangu siku ya kwanza. Mimi ni Mbondei. Huku kwetu mgosi ni mgosi, wala hakuna gh. Nimekaa na mama yangu mzazi tumeanza kukigeuza kitabu cha mwindaji kwa Kibondei, tuko ukurasa wa 9. Ukurasa wa 6 nimerudisha kama ulivyokuwa mwanzo. Inaruhusiwa?

#15 – mleta uzi

Inaruhusiwa mgosi. Jina la bibi libaki juu, la mama yako na lako yaingie chini yake, na ukurasa wa pili andika kwamba mmekigeuza kutoka Kisambaa. Ukurasa wa 11 uache kama ulivyo.